Nta Juu ya Kioo cha Jua

Kikombe cha bati kiligonga sakafu mara moja, kikabingirika, kikanyamaza. Kulikuwa bado giza. Bibi Apolonia alikuwa macho, akajua ni kikombe cha Lea, na mjukuu wake hakuwa mtu wa kuangusha vitu. Alipompelekea kibatari alimkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika tumbo kwa mikono miwili, na blanketi chini yake limelowa damu.

"Bibi, siku zangu za kujifungua bado. Bado mwezi mzima."

"Nyamaza, mama. Nishike shingo."

Zahanati ya misheni ilikuwa ng'ambo ya uwanja tu, lakini katika ukungu ule wa Mufindi njia ilikuwa ndefu. Nesi Regina alifungua mlango, akatazama mara moja, akavua khanga ya mabegani, akaikunja na kuiweka chini ya kichwa cha Lea. Hakuuliza neno. Bibi aliuona upole huo, nao ukamtisha zaidi. Regina wa kila siku alikuwa msemaji.

"Huyu anahitaji daktari," Regina alimnong'oneza mlangoni. "Naita gari Iringa."

Redio ya upepo, ile ya kuitia msaada, ilikuwa mezani chumba cha pili. Regina alibonyeza, ikakoroma, taa yake nyekundu ikafifia, ikazimika. Akabonyeza tena. Kimya. Ilikuwa Jumapili, malori ya mbao hayapiti, na kwenda mjini Mafinga kwa miguu ni siku nzima.

Walimwamsha fundi Yotamu katika chumba cha wageni. Alifika jana yake usiku kutoka Kihesa, baada ya Regina kumwandikia kwamba betri ya redio inadhoofika kila siku. Wiki mbili kabla, ndiye aliyefunga juu ya paa ile paneli mpya ya kuchaji betri hiyo, ambayo wanakijiji waliiita kioo cha jua, akamkabidhi Bibi, mfagizi wa zahanati, kazi ya kuifuta vumbi. Sasa alichuchumaa mbele ya betri, bisibisi mkononi.

"Ugonjwa uko humu," alisema. "Nitaifungua yote. Nikibahatika, mchana nitakuwa nimemaliza."

"Mchana hatuna, kaka," Regina alisema.

Kwa wiki mbili alikuwa akiogopa jambo moja, kwamba siku moja fundi atapanda paani. Usiku ule ule wa kwanza baada ya kioo kufungwa, mvua ya mawe ilipiga kijiji kizima. Asubuhi alipanda ngazi na kitambaa chake, kidole kikagusa uso wa kioo, kikakwaruza. Vinundu vidogo vidogo vilikuwa kila mahali, kama ngozi ya mtu aliyeshikwa na baridi. Akajua mvua imekiharibu mikononi mwake, kitu kilichotoka ng'ambo, siku ya kwanza tu. Kwao kibuyu kikipata ufa huzibwa kwa nta ya nyuki. Basi aliyeyusha nta, akaipaka, akaisugua kwa kokoto mpaka uso ukawa laini, akashuka bila kumwambia mtu.

"Bibi!" Lea aliita kutoka chumba kile. Sauti yake ilikuwa imepungua.

"Acha betri, baba," Bibi alisema. "Ni mimi. Kioo kilipata makovu ya mvua, nikayaziba kwa nta."

Yotamu aliinua kichwa. "Nta?"

"Niliogopa."

Alingoja kukemewa. Yotamu aliweka bisibisi chini taratibu.

"Bibi yangu, yale si makovu. Kilizaliwa hivyo. Kioo laini hurudisha mwanga, kama maji ya bwawa yanavyokupiga machoni. Hivi vinundu vinaukamata. Mwanga ukiruka kwenye kimoja, unaangukia kwa mwenzake, mwisho unaingia ndani. Kule ndani ndiko unakogeuka umeme. Wewe umeufungia mlango."

"Basi tuufungue."

"Na ulivyosugua kwa bidii, leo nitakoma!" Yotamu alicheka.

"Utachekea huko huko juu," Regina alimfokea, akamtupia chupa ya mafuta ya taa.

Bibi alichemsha maji, akayapoza kidogo yasije yakapasua kioo, akang'oa unyoya kwa kuku wake mwenyewe. Yotamu alimkataza kupanda. Bibi alipanda. Fundi akamvisha koti lake, akabaki na shati jembamba kwenye ukungu. Yeye alilainisha nta kwa mafuta ya taa, Bibi akaichokonoa kwa unyoya kati ya kinundu na kinundu, kisha wakaosha kwa sabuni. Vidole vya Bibi vilikufa ganzi. Chini yao, kupitia bati, alimsikia Lea akilia, na baadaye hakumsikia tena. Hilo lilikuwa baya zaidi.

"Lea!" aliita. "Lea, mama, nijibu!"

"Yupo, Bibi!" Regina alijibu kutoka ndani. "Nimemshika mkono. Fanyeni kazi!"

Kioo kilikuwa safi, lakini jua halikuwapo. Walikaa paani wakitazama weupe mtupu. Bibi alisali kwa Kihehe, maneno yakimpotea. Saa tatu ukungu ulichanika upande wa msitu wa misonobari, mwanga ukalala juu ya vinundu, wala haukumpiga machoni.

Yotamu aliruka chini kwenda kutazama mita. "Mshale unapanda! Nesi, ngoja kidogo... Haya, sasa! Sema kwa kifupi!"

Redio ikakoroma. Regina akasema mara tatu, na mara ya tatu sauti ya mwanamume ikajibu kutoka Iringa kwamba gari linatoka.

Lilifika mchana, likaondoka na Lea, na Regina akiwa amempakata kichwa. Bibi hakula siku ile, wala iliyofuata. Yotamu naye hakuondoka. Alisema anakagua nyaya, ingawa Bibi aliona nyaya zilikwisha kukaguliwa.

Jumanne redio ilisema Lea amejifungua mtoto wa kike, mdogo sana, lakini ananyonya. Bibi aliketi sakafuni palepale.

Yotamu alipofunga mkoba wake, Bibi alimrudishia koti, limefuliwa, na mayai sita ndani ya majani makavu.

"Nimekutia taabu, mwanangu."

"Ungenyamaza, Bibi, ningekuwa bado naichokora ile betri."

Alimsindikiza hadi barabarani, akimshika mkono kama mtu anayevushwa mto.

"Uje tena kututembelea," alimwambia. "Uje hata kama hakuna kilichoharibika."