Kifafa Si Cha Kwetu

Rahma alijua kuandika, na hilo ndilo lililomponza. Shirika moja la afya ya mama na mtoto pale Lushoto mjini lilimwajiri aandike kurasa za wajawazito kwenye tovuti, naye akaziandika kwa Kiswahili cha kupigiwa makofi mikutanoni. Ukurasa alioujivunia zaidi uliitwa "Dalili Bainifu za Kifafa cha Mimba". Mkuu wake, Anord, aliusifu mbele ya watu. Hakuna aliyeuliza mjamzito wa kijijini Mgwashi, mwenye simu ya kioo kilichopasuka, ataelewa nini.

Mdogo wake Mwanaidi alikuwa mjamzito wa Mgwashi.

Siku ya arobaini ya msiba wake, wageni walipokwisha kutawanyika, Rahma alikaa uani na mama yao, Bi Fatuma, wakisugua masufuria ya pilau.

"Mama, Mwanaidi hakuuona ule ukurasa? Nilimtumia mwenyewe."

"Aliuona. Kichwa kinamgonga, miguu imevimba, anaona maruweruwe. Akafungua simu, akaniambia, 'Mama, haya ya dada ni ya wenye kifafa.' Nikamwambia, mwanangu, kifafa si cha kwetu. Si kwa baba yako, si kwangu. Akacheka, akaifunga. Kesho yake akaanguka."

Rahma aliliachia sufuria. Kifafa! Cha mimba kinaweza kumpata mjamzito yeyote; lakini kwao kifafa ni ugonjwa wa ukoo, watu huulizana habari zake kabla ya kupeleka posa, na yeye kazaliwa hukohuko. Alilijua hilo tangu utotoni, ila usomi ulimpofusha. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hata dawa aliiandika kwa lugha ya waganga wenzake.

"Nimemuua, mama."

"Nyamaza. Ni kazi ya Mungu."

Rahma alitoa simu, akaufuta ukurasa wote huku akilia, akaandika upya, kisha akampa mama yake. Bi Fatuma, aliyeishia darasa la nne, alisoma polepole kwa sauti:

"'Una mimba? Kichwa kinauma sana, unaona maruweruwe, uso au miguu imevimba? Nenda hospitali leo, hata kama kwenu hakuna mwenye kifafa.'"

Hakukwama hata kwenye neno moja. Akasoma tena.

"Kwa haya angekwenda," alisema. "Ningempeleka mwenyewe."

Kisha akamtazama Rahma, na safari hii hakumtaja Mungu.