Soketi Iliyopita Kwenye Jiwe

Wiki nzima Kapteni aligeuka bingwa wa visingizio vya kutokwenda dukani na binti yake. Jumatatu mgongo ulimbana. Jumatano kulikuwa na giaboksi ya mteja ambayo, kwa maelezo yake, ingekufa endapo angeiacha hata kwa saa moja. Ijumaa visingizio vilikwisha, akasema anaumwa jino, na binti yake akamwangalia anavyotafuna hindi la kuchoma, akacheka mpaka akakaa chini.

"Baba, kesho ni Jumamosi. Jumatatu naanza kazi. Unataka niende na mikono mitupu?"

Kazi yenyewe ilikuwa kwenye gereji ya malori, na gereji ile ilikuwa na utaratibu wake: kompresa ya tajiri, jeki za tajiri, lakini spana, soketi za kufungulia nati na nyundo kila fundi anakuja na zake. Anayezunguka kuazima hubandikwa jina la Niazime, na jina hilo haliondoki hata akistaafu. Mafundi ndivyo walivyo, hawana huruma na majina. Kapteni mwenyewe hakuwa kapteni wa timu wala wa meli. Alirudi kutoka hospitali na kitambaa cheusi kwenye jicho la kushoto, kama nahodha wa maharamia, na kabla hajavuka lango la karakana wenzake walikuwa wameshampigia saluti. Jicho halikurudi, jina likabaki.

Binti alishachagua duka. Walimu wake wote chuoni walilisifia: kuna mzee pale, wanasema, hauzi kitu bila kukipima kwanza. Kapteni aliposikia ni mzee gani, ndipo mgongo ulipoanza kumbana.

Hapa sina sababu ya kumfichia Kapteni siri, maana ameificha mwenyewe vya kutosha. Miaka kumi na minane nyuma alikuwa fundi mkuu kwenye karakana ya mabasi. Siku moja likaingia basi lenye rimu za aina mpya, nati zake zimezama ndani ya matundu membamba, na soketi nyeusi za mashine ya upepo ya kufungulia nati zikakataa kuingia kwa unene wake. Abiria wanasubiri, tajiri anapiga kelele, na Kapteni hakuwa mtu wa kushindwa na nati. Akachukua soketi mbili mpya, akazipitisha kwenye jiwe la grinda, mashine ya kusagia chuma, mpaka zikawa nyembamba na chuma kikageuka rangi ya bluu kwa moto. Ya kwanza iliingia vizuri. Akaipachika kwenye mashine, akabonyeza, ikapasuka vipande vipande, na kipande kimoja kikamwendea usoni.

Tajiri alikuja wodini siku ya pili akauliza imekuwaje. Kapteni akasema, "Soketi imepasuka." Ni kweli, ilipasuka. La grinda hakulitaja. Tajiri akauliza nani alizinunua, na kila mtu alijua kwamba soketi zilinunuliwa na mtunza stoo, ambaye mchana alikuwa akila sahani moja na Kapteni. Kabla ya jioni mtunza stoo akawa amemwaga unga, kazi hana. Kapteni alijiambia atasema ukweli akipona. Alipopona akajiambia atasema akirudi kazini. Baadaye akaona muda umepita, na kusema wakati huo kungekuwa kama kujivua nguo sokoni.

Wakati huo binti alikuwa na miaka minne. Alikua akijua baba yake ni fundi asiyekosea, aliyeponzwa na vifaa vibovu vya watu wengine. Huo ndio uongo aliouogopa Kapteni kuliko wote, kwa sababu mtoto aliupenda, na kwa ajili yake akawa fundi.

Jumamosi asubuhi wakaenda.

Duka lilikuwa jembamba na refu, rafu mpaka darini, sakafu imefagiliwa. Mzee, yule yule mtunza stoo wa zamani, alikuwa nyuma ya meza ya mbao, miwani imening'inia shingoni kwa uzi. Alipoinua uso na kumwona nani ameingia, aliinuka, akaizunguka meza, akampokea Kapteni mkono kwa mikono yake miwili.

"Fundi," alisema. "Karibu. Karibu sana, ndugu yangu." Alisema hivyo akiangalia viatu vya mgeni wake.

Ananichukia mpaka hawezi kuniangalia, Kapteni aliwaza, na ana haki. Akavuta stuli mlangoni, akakaa, akajifanya anasoma maandishi kwenye kopo la grisi.

"Mzee, nahitaji soketi na vifaa vya mkono," binti alisema. "Naanza kwenye malori Jumatatu. Nimeona lile sanduku la dirishani, lile la vipande mia mbili."

"Lile ni la kumpa mkwe zawadi," mzee alisema. "Vipande mia mbili, utatumia thelathini, na hivyo thelathini ndivyo dhaifu. Nunua vichache, vizuri. Njoo huku."

Akatandika kitambaa mezani, akaweka soketi mbili juu yake, moja inang'aa, nyingine nyeusi kama sufuria ya kuni.

"Nipe mkono. Ipi nzito?"

"Nyeusi."

"Hii inayong'aa ni ya mkono. Chuma chake ni kigumu, hakipendi kugongwa. Ukiipachika kwenye mashine ya upepo, haipindi, inapasuka. Hii nyeusi ni nene, chuma chake kinapokea kipigo. Ya mashine ni nyeusi, binti, hata siku una haraka, hata kama nyingine ndiyo iko karibu. Sasa chungulia ndani. Pembe ngapi?"

"Sita."

"Sita. Inakumbatia ubavu wa nati. Zile za pembe kumi na mbili zinashika ncha tu, na nati ya lori ikishakula kutu utaizungusha mpaka iwe duara, kisha umlaumu shetani. Na hapa, unaona hili tundu la pembeni? Hapa panapita pini, na juu ya pini unavalisha mpira. Bila hivyo soketi inaweza kuchomoka ikamfuata mtu."

Binti alikuwa anakula kila neno. Aliuliza kuhusu spana, mzee akampa tano azipime mkononi na kumwambia aache ile iliyompendeza macho na achukue ile iliyokaa kiganjani. Aliuliza kuhusu nyundo, akaambiwa atazame jinsi mpini ulivyoingia kichwani, si rangi. Alipewa pia mpini mrefu wa kulegezea nati, "kwa sababu si kila nati ni ya mashine, nyingine zinataka kubembelezwa." Kapteni alisikiliza kwa sikio la fundi na hakupata kosa hata moja. Ilimuuma. Mtu huyu alikuwa anamfundisha mwanawe vizuri kuliko alivyowahi kumfundisha yeye.

Kisha mzee akavaa miwani, akatoa venia, kile kipimo cha unene, kutoka kwenye mfuko wake wa ngozi, akaanza kupima soketi moja moja, unene wa ukuta huku na huku, akizigeuza kwenye mwanga. Ya saba akaiweka kando. Ya kumi na moja pia.

"Zina nini hizo?" binti aliuliza. "Mbona zinafanana na nyingine?"

"Upande mmoja ni mwembamba kidogo. Labda zisingeleta shida."

"Sasa si uniuzie tu?"

 Mzee alifuta venia kwa kitambaa, ingawa haikuwa na uchafu.

"Niliwahi kununua vibaya mara moja," alisema. "Sikupima. Niliamini karatasi ya muuzaji. Mtu akaumia." Sauti ilimpungua. "Tangu siku hiyo napima."

Kule mlangoni kopo la grisi lilimponyoka Kapteni likabiringika chini ya rafu, na hakuliokota. Alikuwa amejiandaa kwa chuki. Miaka yote hiyo alikuwa akijiandaa kutukanwa, hata kukunjwa shati, na kwa siri aliamini kwamba mtunza stoo anaujua ukweli na amenyamaza kwa ukubwa wa moyo wake. Hakuwahi kufikiri kwamba mwenzake aliamini kweli kuwa soketi zilikuwa mbovu. Mtu huyu alikuwa amebeba jicho la Kapteni miaka kumi na minane, akiamini amelitoa yeye. Kapteni alisikia aibu ikimpanda kutoka miguuni.

Hata hivyo hakusema. Wanadamu tuna vichwa vigumu. Alijiambia, tukimaliza kununua, nitarudi peke yangu.

"Basi limebaki moja," binti alisema, akifungua begi lake. "Nataka na nyembamba, za rimu zenye matundu madogo. Ninayo moja, ila niliitengeneza mwenyewe." Akaiweka juu ya kitambaa, kwa fahari.

Ilikuwa soketi nyeusi iliyokwanguliwa pande zote ikawa nyeupe, na mdomoni chuma kilikuwa kimeungua kikawa bluu.

Mzee hakuigusa mara moja. "Umeitumia?"

"Mara mbili chuoni. Imefungua bila shida."

"Kwa mashine?"

"Kwa mashine."

"Nani amekufundisha hivi?"

"Hakuna. Kwenye sanduku la zamani la baba kuna moja ya namna hii hii, chini kabisa, imefungwa kwenye kitambaa. Nikajua kumbe ndivyo mafundi wakubwa wanavyofanya, nikaiga."

Soketi ya pili. Kapteni alikuwa ameisahau, au alijilazimisha kuisahau. Akilini alimwona mwanawe ameinama juu ya gurudumu, uso karibu na mashine, kidole kikibonyeza. Mara mbili. 

Mzee aliishika ile soketi, akaigeuza, akapitisha kucha kwenye ile bluu. Kisha akainua kichwa, na kwa mara ya kwanza tangu waingie akamtazama Kapteni usoni, jicho lililopo na lisilokuwepo.

Kapteni angeweza bado kukana. Uongo mdogo ungetosha: ile ya kwenye sanduku niliokota, niliinunua hivyo hivyo. Binti angeamini. Mzee huenda naye angeamini, alishazoea kujilaumu.

"Nilizipitisha kwenye jiwe," Kapteni alisema. "Zilikuwa mbili. Zako zilikuwa nzima, ulinunua vizuri. Rimu zilikuwa na matundu membamba, nikazipunguza zote mbili, ya kwanza ikanipasukia. Nilijua tangu siku ile wodini. Tajiri aliponiuliza, nikanyamaza."

Barabarani pikipiki ilipita, mlio ukaisha. Binti alikuwa amesimama na nyundo mkononi kama mtu aliyesahau alitaka kuigongea nini.

Mzee alivua miwani. Alikaa kwenye kiti chake taratibu, kama anayeogopa kwamba kiti hakipo.

"Mke wangu aliniambia," alisema mwishowe. "Siku ile ile. Aliniambia, wewe hukununua vibaya, nakujua. Nikamwambia nyamaza, unajua nini kuhusu soketi. Akarudia, nikamfokea. Nimemfokea miaka, Fundi. Kila akilitaja. Siku hizi halitaji tena, na hana mengi anayoniambia."

"Naomba unisamehe."

"Usinikimbilie na hilo." Hakupandisha sauti. Alinyoosha mkono kuelekea mlango wa nyuma, uliokuwa wazi kidogo, na nje yake maji yalikuwa yakimiminika kwenye ndoo. "Yuko uani. Nenda umwambie yeye kwanza. Mimi nikienda, nitaanza kulia kabla sijafika kwenye maneno."

Kapteni akaenda. Uani mwanamke alikuwa anasuuza mashuka, mikono imejaa povu hadi kwenye viwiko. Alimtambua mara moja. "Shemeji," alisema, bila kutabasamu. Kapteni akamwambia akiwa amesimama, maneno yale yale, na safari hii yalikuwa mazito zaidi kwa sababu alishajua yanaelekea wapi. Mwanamke alifunga bomba. Aliyasikiliza yote mpaka mwisho. Kisha akapaza sauti kuelekea dukani, sauti iliyopasuka katikati:

"Umesikia? Umesikia wewe?"

Mume wake alikuwa tayari mlangoni. Alimwendea mkewe, akamshika mikono ile yenye povu, na wote wawili wakasimama hivyo, wakilia kama watu waliopokea taarifa ya msiba na ya uzazi kwa pamoja. Hakuna aliyemfukuza Kapteni. Hakuna aliyemsamehe pia. Alisubiri kidogo, akaona hayupo katika hesabu yao, akarudi ndani.

Binti alikuwa ameshapanga vifaa kwenye mfuko wa turubai, pamoja na soketi nyembamba za kiwandani na miwani ya kukinga macho ambayo hakuna aliyemkumbusha. Soketi yake ya kujitengenezea alikuwa ameibana kwenye jiriwa ya mzee pembeni ya meza na kuikata katikati kwa msumeno wa chuma. Unga wa chuma ulikuwa bado mezani.

"Ile ya kwenye sanduku nitaikata nikifika nyumbani," alisema.

"Sawa."

"Baba." Alikuwa anaangalia ule unga, akiukusanya kwa upande wa kiganja. "Kama nisingeitoa leo, ungeniambia lini?"

Kapteni alitafuta jibu zuri. Wiki nzima alikuwa hodari wa majibu, na hapa pia yalimjia, mawili matatu, yote yanafaa. Alimtazama mwanawe, uso mzima, macho yote mawili.

"Nisingekwambia," alisema.

Binti aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei aliyoitarajia. Mzee aliporudi, macho yamevimba, binti alilipa, akamshukuru kwa somo, akaomba ruhusa ya kuja siku nyingine kuuliza zaidi, na mzee akamwambia aje siku yoyote. Kwa Kapteni mzee hakusema kitu.

Nje jua lilikuwa kali. Mfuko ulikuwa mzito, na binti aliubeba peke yake mpaka mwisho wa mtaa, hatua tatu mbele ya baba yake, bila kugeuka. Kwenye kona akautua, akapumua, akasukuma mshikio mmoja upande wa baba yake.

"Shika huku," alisema.