Pumzi ya Kupozea Kijiko

Majirani wanamwita Mama Honi. Analijua jina hilo wala halimkeri. Alipiga tarumbeta kwenye bendi ya polisi mpaka akastaafu, na sasa anawafundisha wanafunzi wa chuo cha muziki, mmoja mmoja, sebuleni kwake. Ameweka mapazia mazito na mazulia mawili, moja juu ya jingine, ili jirani wa ghorofa ya juu asigonge sakafu kwa ufagio. Anagonga vilevile.

Mimi ndiye mwanafunzi wake mwenye mtoto.

Chuoni nasoma darasa la jioni. Nilipojifungua nilipewa ruhusa ya muhula mmoja, na niliporudi nikaambiwa nifanye mtihani wa vitendo: nikifaulu naendelea, nikishindwa nafasi yangu anapewa mwingine. Wimbo niliopangiwa unaanza na sauti moja ndefu, ndogo sana, kama mtu anayemwita mwenzake huku hataki kumwamsha. Hapo ndipo nilipokuwa natokwa jasho. Tangu nijifungue tumbo lilikuwa limelegea, pumzi haina pa kuegemea. Nikianza, sauti inatetemeka, inakatika, halafu badala ya wimbo anatoka bata.

"Bata huyo tena," Mwalimu anasema. "Mfukuze, uanze upya."

Siku ya somo mama mkwe, ambaye hunishikia mtoto, aliamka mgongo umembana. Nikampigia Mwalimu simu kuomba udhuru.

"Mtoto ana ugonjwa wa kuambukiza?"

"Hana, Mwalimu."

"Basi njoo naye. Nimepiga mbele ya majenerali, mwanangu. Huyo atanitisha?"

Mwanangu tunamwita Bonge, na ukimbeba utajua kwa nini. Alifika amelala. Nikamlaza kwenye kochi kati ya mito miwili. Mwalimu akachukua tarumbeta yake, ile iliyochujuka rangi pale vidole vinapokaa, akasimama karibu na kichwa cha mtoto, akapiga ule mwanzo wangu.

Sikujua sauti ilianza saa ngapi. Ilikuwa haipo, kisha ipo, imejaa chumba kizima kama harufu ya sabuni kwenye nguo iliyoanikwa. Bonge hakutikisa hata kope. Nilimtazama yule mama, nywele nyeupe, miguu iliyovimba ndani ya kandambili, nikajisemea: Mungu wangu, na mimi siku moja.

"Zamu yako. Akiamka, umekosea."

Nikapiga. Akatoka bata. Bonge akaamka, akaangua kilio, na juu ufagio ukaanza: du, du, du.

"Sasa wanaolalamika ni wawili," Mwalimu akasema, akacheka mpaka akakaa.

Ilibidi nimlishe. Nikafungua bakuli lake, chakula bado kina moto, nikawa napuliza kijiko kabla ya kumpa. Nilipoinua macho, Mwalimu alikuwa ameacha kucheka.

"Rudia."

"Nirudie nini?"

"Kijiko. Pulizia kijiko."

Nikapulizia. Akaja akaniwekea kiganja tumboni, juu kidogo ya kitovu.

"Kwa nini hupulizi kwa nguvu?"

"Chakula kitamrukia."

"Na ukipuliza kivivu?"

"Hakipoi, Mwalimu."

"Puliza tena. Unasikia tumbo linavyokaza? Kumbe unajua! Ukishika tarumbeta, nikikuambia sauti ndogo, unaizima pumzi. Ndiyo maana sauti inakufa mkononi. Punguza sauti, pumzi iache itembee." Akatikisa kichwa. "Miaka yote hii nawaambia wanafunzi wapulize mshumaa. Mshumaa! Kumbe ni kijiko."

Hilo ndilo ninalompendea. Kichwani ana bendi nzima, lakini alisimama pale akajifunza kwa mtu anayelisha mtoto, akafurahi kama amepewa zawadi.

Nyumbani nikawa napulizia kijiko kitupu, kisha tarumbeta, kisha kijiko. Mume wangu ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, lakini hilo lilimshinda.

"Mke wangu, hicho unachopoza ni nini?"

"Tarumbeta."

"Sawa. Nikirudi jioni niikute imepoa."

Taratibu bata akaanza kuchelewa kuja. Kuna mchana Bonge alilala mpaka mwisho wa ile sauti ndefu, nami nikabaki nimeshika tarumbeta hewani, naogopa hata kuiweka chini.

Siku ya mtihani mume wangu alikaa kwenye benchi la koridoni na Bonge amelala begani. Ndani walikuwamo watahini watatu nyuma ya meza. Nikainua tarumbeta. Nikafikiria kijiko, na yule aliyelala nyuma ya mlango, nikapuliza.

Ilitoka. Haikuwa kama ya Mwalimu, nisijidanganye, lakini ilitoka nzima, ikatembea mpaka mwisho wake. Mtahini wa katikati aliacha kuandika.

Mwisho wa wimbo ule unatakiwa upigwe kwa nguvu zote, nami sikubakiza. Nikashusha tarumbeta, na huko koridoni Bonge akalipuka. Tukasikia viatu vya baba yake vinakimbia naye.

"Huyo ni wako?" akauliza yule wa katikati.

"Ni wangu. Samahani sana."

"Pale mwanzo hakuamka."

"Hakuamka."

Akawatazama wenzake, wakatikisa vichwa kukubali. "Darasa linaanza Jumatatu jioni. Usichelewe."

Sikumpigia Mwalimu simu kumpa habari. Nilimfunga Bonge mgongoni, nikaenda kwake mwenyewe. Kwenye ngazi tu nikasikia bata wa mwanafunzi mwingine, ufagio wa jirani, na juu ya yote hayo sauti ya Mama Honi: "Kijiko! Nimesema pulizia kijiko, utamwagia mtoto!"

Nikasimama mlangoni nacheka peke yangu, nikimsubiri bata anyamaze ndipo nigonge.