Mbwa Aliyenyimwa Ruhusa ya Kufa

Felisita alikuwa ameshakubali. Asubuhi ile alimtuma mtu mjini Bariadi kwa Ngeleja, mtaalamu wa mifugo, aje na sindano ya mwisho, mbwa wake apumzike. Hamniwezi alikuwa amezeeka mpaka basi. Jicho moja limeingia ukungu, miguu ya nyuma haimbebi, na tumboni ameota uvimbe unaomfanya alie hata akigeuka tu. Mama wa watu alilia mpaka machozi yakaisha, akafagia uwanja, akasubiri.

Kabla Ngeleja hajafika akatangulia Salu, binti mdogo wa jirani yake Mayala, akimkimbiza kuku. Kuku akapita chini ya kihenge cha mahindi alikolala mbwa, mtoto naye akapita hapo hapo, akamkanyaga mguu mbovu. Mbwa ambaye hakuwahi kung'ata mtoto wa mtu tangu azaliwe akageuka, akamng'ata Salu mguuni.

Jina la mbwa yule lilikuwa ujumbe, na aliyetumiwa alikuwa huyo huyo Mayala. Kijijini kwao Sapiwi ukikosana na jirani huna haja ya kumtukana. Unafuga mbwa, unampa jina, na jioni unamwita kwa sauti ya kufika upande wa pili. Mume wa Felisita alipofariki, Mayala alisogeza mpaka wa shamba la pamba hatua kadhaa. Mjane akamshtaki kwa wazee, mpaka ukarudishwa, naye akarudi nyumbani na kitoto cha mbwa mkononi. "Hamniweziii! Njoo ule!" Miaka yote hiyo Mayala hakulitamka jina lile. Akilazimika alisema "kile kijibwa."

Sasa Mayala aliingia uwanjani na rungu, hana hata salamu.

"Toka hapo, mayu. Toka, mama. Namuua, nanyoa na manyoya yake nikayachome, nimpake mtoto kwenye jeraha."

"Utaniua na mimi," Felisita alisema, akasimama mbele ya kihenge.

Ngeleja aliwakuta hivyo. Aliitupa baiskeli chini, akamshika Mayala mkono.

"Ukimuua umejiziba macho mwenyewe! Sikiliza. Mtoto aoshwe jeraha kwa maji mengi na sabuni, mkichoka muoshe tena. Manyoya yaacheni. Halafu mkimbizeni hospitali Somanda sasa hivi. Na huyu tunamfunga, tunamwangalia siku kumi. Akizimaliza ana akili zake, mtoto hakuambukizwa kichaa."

"Na akifa katikati?"

Ngeleja alimtazama yule mbwa aliyeitiwa kuja kumuua. "Akifa, hatutajua kilichomuua ni uzee au kichaa. Zamani ningekata kichwa nikakipeleka Mwanza kikapimwe. Siku hizi nani anakipokea? Kwa hiyo asife."

"Mwaka huu hakuchanjwa?" Mayala aliuliza.

Jibu alilijua hata yeye. Enzi za serikali, Ngeleja alikuwa bwana mifugo wa kata, na kila mwaka alikuja na sanduku la barafu akachanja mbwa wote bure. Hamniwezi alikuwa kama mtoto wake wa kliniki. Ndiye aliyempa dawa ya minyoo angali kitoto, akamhasi, akamshona ubavu siku fisi alipomrarua. Kisha yakaja mageuzi. Wanunuzi binafsi wa pamba wakaingia na malori yenye muziki, josho likakauka, Ngeleja akapunguzwa kazini, akafungua duka la dawa za mifugo mjini. Chanjo ikawa ya kununua, na aliyenunua alimnunulia ng'ombe. Felisita naye, pamoja na mapenzi yake yote, alisema mwakani, na mwakani akasema mwakani.

"Na ile sindano?" alimuuliza Ngeleja kwa sauti ndogo.

"Inarudi mfukoni, mama."

Hospitali walimsafisha mtoto vizuri, lakini chanjo ya kichaa ilikuwa imekwisha. Kaka yake Mayala akapanda gari kwenda Mwanza kuitafuta, akakaa huko bila habari.

Hapo ndipo Felisita alipokosa raha kabisa. Hakaliki, halaliki. Akienda kisimani anarudi mbio, ndoo haijajaa. Akipika ugali unaungua. Alimsukumia mbwa bakuli la mchuzi wa samaki kwa kijiti, maana Ngeleja alikataza kumgusa mdomo, naye Hamniwezi alikunywa kidogo, akaugulia, akamtazama kwa lile jicho zima. Lilikuwa likimuuliza kitu, na Felisita alikijua. Alikuwa amemwahidi kupumzika. Sasa anambembeleza aendelee kuumia kwa ajili ya mtoto wa mtu aliyetaka kumlia shamba. Kuna mchana alimchukia Salu waziwazi, kisha akajiogopa, akapiga ishara ya msalaba.

Mayala naye hakutulia. Alifika alfajiri, akaondoka, akarudi kabla umande haujakauka. Siku za kwanza alisimama mbali, rungu mkononi. Baadaye rungu likabaki kwake, akaja na maziwa.

"Ng'wangaluka, mayu."

"Ng'wangaluka." Felisita alishtuka kuisikia sauti yake mwenyewe ikiitikia salamu ile ya asubuhi.

"Amekunywa?"

"Maziwa kidogo."

"Na maji? Hayaogopi?"

"Hayaogopi."

Basi anageuka mbio kwenda kumwangalia mtoto, anarudi tena, anakaa juu ya ndoo iliyofudikizwa, anainuka. Siku moja alileta maini, mwanamume yule ambaye kwake maini hayakuwahi kuvuka meza ya baba.

Siku zikiwa zimebaki chache, Hamniwezi akakataa kila kitu. Alilala ubavu, ute unamtoka, bakuli la maji hata halitazami. Kaka wa Mwanza alikuwa amerudi jana yake, mikono mitupu. Mayala alikimbia kumfuata Ngeleja mjini kwa baiskeli ya kuazima, akarudi naye shati limelowa.

"Ni kichaa?" aliuliza kabla hata hawajashuka.

Ngeleja alivaa glovu nene, akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. "Sijui. Ningejua ningekwambia. Uvimbe unaweza kumfanya hivi, na kichaa kinaweza."

Akamtundikia dripu chini ya ngozi ya mgongo, akamchoma na dawa ya maumivu. Chupa Mayala ndiye aliyeishika juu. Felisita alichuchumaa kando. "Nisamehe," alimwambia mbwa. "Bado. Nisamehe, bado kidogo."

Asubuhi walimkuta ameinua kichwa. Akanusa bakuli, akanywa maji, lapu lapu lapu, yakamwagika mpaka shingoni. Mayala akafunika uso kwa viganja na kulia kwa sauti, mtu mzima, mbele ya mwanamke aliyemshtaki kwa wazee.

Siku kumi zikatimia. Salu alikuwa akiruka kamba. Ngeleja alipofika alimkuta Mayala amesimama mbele ya kihenge, pale pale Felisita aliposimama siku ya rungu.

"Tumwache," Mayala alisema. "Amenipa mtoto wangu. Nitamlisha mimi, kila siku."

Felisita alitamani kukubali. Kisha akalitazama lile jicho.

"Hapana, baba Salu. Zile zilikuwa siku zetu. Leo ni yake."

Ngeleja akatoa sindano. Felisita alinyoosha mikono amshike mbwa kichwa, lakini mikono ilimkatalia. Mayala akaketi mavumbini, akakipakata kile kichwa kizee mapajani mwake, akainama karibu na sikio.

"Lala, Hamniwezi," alisema. "Lala, baba."

Mbwa alilisikia jina lake. Mkia ukainuka, ukapiga vumbi mara moja, na Ngeleja akachoma sindano.