Kidonda Kinachonukia

Kidonda changu cha mguu kilipoanza kunukia, sikumwambia mtu. Hata ningetaka, wa kumwambia alikuwa nani? Mke wangu alikuwa amefariki mwaka uliotangulia, wanangu wako mbali na maisha yao, na mteja aliyekuja kupunguziwa kiuno cha suruali hana haja na habari za muundi wa fundi. Nilikaa kwenye cherehani, nikafungua bandeji, nikainama. Ilikuwa harufu tamu, kama ya matunda yaliyosahaulika kwenye mfuko hadi yakalainika. Pamba ilikuwa imeingia kijani chenye kuelekea buluu, rangi ambayo kwenye kitambaa cha gauni ningeisifu.

Kilianza kama mkwaruzo wa kanyagio la cherehani. Mtu mwingine angekuwa ameshausahau. Mimi nina kisukari, na ngozi yangu siku hizi inafanya kazi kama karani anayesubiri kustaafu. Zahanati walinisafisha, wakanipa dawa, kikafunga. Kikafunguka tena. Wakabadilisha dawa, hadithi ikawa ile ile. Mwishowe daktari aliniambia bila kunizungusha kwamba kikifika kwenye mfupa, mguu utakatwa chini ya goti. Cherehani yangu ni ya kukanyaga. Nilimuuliza kama amewahi kuona fundi akikanyaga kwa mdomo. Hakucheka.

Mpwa wangu, binti wa dada yangu, anafanya kazi katika maabara ya hospitali. Yeye ndiye aliyepokea usaha wangu ulipopelekwa kupimwa, na baadaye akanipigia simu. "Mjomba," alisema, "njoo umwone mgeni wako."

Nilivaa koti langu zuri nikaenda. Nataka ieleweke kwamba bakteria si habari ngeni kwangu. Nilisoma masomo ya jioni nikiwa na mvi, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao, nikafaulu, na cheti kimetundikwa ukutani juu ya pasi. Mpwa wangu anajua hilo, kwa hiyo hakunieleza kama anavyoelezwa mzee. Alinionyesha sahani ya kioo ambayo chakula cha kuoteshea bakteria kilikuwa kimegeuka kijani chote, akanisogezea darubini, nikaona vijiti vidogo vikikimbizana kama watu waliosikia kuna sherehe. Alichota kidogo akapaka kwenye karatasi yenye dawa, na kabla sijamaliza kupumua ikawa zambarau. Akasema ndivyo wanavyomtambua. Akasema pia kwamba alimwotesha kwenye joto la mwili, akamwotesha kwenye joto ambalo mtu angekuwa anaweweseka kwa homa, na kote alistawi.

Pale maabara wamempa jina la Mdoezi. Kwa mtu mwenye afya hafanyi lolote, hupita zake. Akikuta mlango umeachwa wazi, na mwenye nyumba ni dhaifu, anaingia, anakaa, anajifunika utando wa ute ambao dawa haziupenyi kirahisi.

Nilisema bila shaka amefuata sukari yangu.

"Sukari yako imemfungulia mlango tu," alisema. "Yeye hachagui chakula. Anaweza kuishi kwenye maji yanayoonekana safi kabisa, akala mabaki ya sabuni. Kitu asichokiweza ni ukavu. Ukimkausha, umemmaliza. Sasa, mjomba, unajisugulia nini ukioga?"

Nilimjibu kwamba najisugulia mkono, kama binadamu wote. Alinitazama kidogo, kisha akasema atakuja nyumbani kupima bomba na ndoo.

Nilikuwa nimemdanganya. Bafuni kwangu, kwenye msumari, lilikuwa linaning'inia dodoki la marehemu mke wangu.

Nieleze vizuri. Enzi za masomo ya jioni, mke wangu alikuwa akioga nikirudi, nami nilisimama nje ya mlango wa bafu nikimsomea somo la siku hiyo. Ndani nilisikia dodoki likisugua, likikamuliwa, likitundikwa, kisha matone. Nikifika mahali pagumu alisema, "Rudia hapo, maji yamenipita masikioni." Nilijua maji hayakumpita. Alitaka nielewe. Hakukanyaga darasani hata siku moja, lakini nusu ya cheti kile ni chake.

Alipoondoka, dodoki lilikauka. Bafu likawa kimya, na mimi ukimya ule sikuuweza. Basi kila asubuhi nikawa nalilowesha, nalitundika, narudi kwenye cherehani nikiyasikia matone, kana kwamba kuna mtu ametoka kuoga sasa hivi. Na kwa kuwa lilikuwa limeshalowa, nikawa naogea hilo hilo. Mguu nao nikausugua.

Siku aliyokuja mpwa wangu nililitia kwenye mfuko wa plastiki, nikalificha kwenye droo ya cherehani, chini ya vipande vya bitana. Alipima bomba, ndoo, kopo, pembe za sakafu, akiniambia mjomba nyumba yako safi kuliko yangu. Kisha akasimama mbele ya msumari. Chini yake, ukutani, kulikuwa na mchirizi wa maji uliofika hadi sakafuni, wa kijani hafifu. Alingoja tu, pamba yake mkononi.

Nilikwenda kwenye droo. Nilipofungua mfuko, harufu ile tamu ilitupiga wote usoni.

"Hili si la mkaza mjomba?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nikamwambia ndilo. Nikamwambia na habari ya matone. Nilitegemea anicheke, maana sisi huwa tunataniana sana, lakini alikaa kwenye kiti cha wateja, akaangalia cheti changu ukutani kwa muda mrefu.

"Sikuambii ulitupe," alisema. "Lichemshe, likauke juani hadi liwe jepesi. Ukishalitundika, usilitie maji tena, mjomba. Mguu huo au maji hayo. Chagua."

Nililichemsha mwenyewe. Nililianika kwenye kamba, likakaa huko hadi likawa gumu na jepesi, halinukii chochote, hata sabuni yake. Kidonda kilioshwa kwa siki kama mpwa alivyoshauriana na daktari, na safari hii kilipofunga hakikufunguka. Daktari alinibonyeza muundi, akaniambia nirudi kukanyaga.

Dodoki nimelirudisha kwenye msumari wake. Halidondoshi kitu. Asubuhi mkono wangu huenda kwenye kopo wenyewe, ukaishia njiani.

Juzi nilisimama nje ya mlango wa bafu, mahali pangu pa zamani, nikamsomea habari za Mdoezi: kijani chake, vijiti vyake vinavyokimbia, karatasi inayogeuka zambarau, utando wake, na jinsi anavyokufa kwa kukauka. Nilipofika mahali pagumu, pale pa utando na dawa, nilitega sikio mlangoni.

Kisha nikaparudia mwenyewe.