Mfuko Ndani ya Pazia

...na hii kulabu nayo inang'ang'ania nini, ndiyo ya kwanza tu na tayari mkono umemfa ganzi, yuko juu ya ngazi, kidevu kimegusana na fimbo ya pazia, na huko chini mpiga picha anasema dada, mwanga unatukimbia, utafikiri mwanga ni kuku wake aliyemchoropoka, unakimbia basi ufukuze, anatamani kumjibu hivyo lakini anasema tu, "Nashusha, subiri," kwa ile sauti yake ya kazini, sauti ya Bi Maziwa, ndivyo mafundi walivyombatiza kwa sababu kila sebule anayoigusa huishia rangi ya maziwa, kuta maziwa, makochi maziwa, mapazia maziwa, na jina lilipomfikia alicheka akalipenda, si kila mpambaji ana rangi yake mjini, na hayo mapazia mapya yako pale mezani, yamepigwa pasi, yamekunjwa, yanasubiri zamu yao, mhariri wa jarida amesema wazi, nataka msomaji akifungua tu ajue hii ni kazi yako, haya, si ndicho alichokuwa akikililia miaka yote, sebule ya Bi Radi mwenyewe, mwigizaji ambaye akisema "mlango!" jukwaani watu wa viti vya nyuma hugeuka kuutazama mlango, ndiyo maana wakamwita Radi, na sasa yuko jikoni kwake anakatakata vitunguu huku akijisomea maneno ya mchezo mpya mbele ya kioo chenye taa pembeni, kioo cha kujipodolea, jikoni, nani aliyewahi kuona jambo kama hilo, lakini asubuhi alipoulizwa alisema, "Kitunguu kinaniliza bure, mwenzangu, kwa nini nisiyatumie hayo machozi?" na kweli, kioo kiko mahali pake kabisa...

Na kila kitu humu kiko hivyo hivyo, hilo ndilo linalomsumbua tangu avuke ule mlango mwekundu, mwekundu wa rangi ya mdomo, kweli, Bi Radi alimpelekea fundi rangi kijiti chake cha rangi ya mdomo akamwambia nataka huu huu, nikitoka niwe nimeshajipaka, na viti, maskini viti, hakuna kinachofanana na mwenzake, kimoja cha velveti iliyonyauka, kimoja cha mbao chenye namba mgongoni, kila jumba la michezo lililofungwa milango yeye alikwenda akaomba kiti kimoja, kimoja tu, na leo wamekaa sebuleni kwa duara kama wanamsubiri atokee, wewe Bi Maziwa ulivitazama ukasema moyoni vyote nje, ukavitazama tena ukajikuta umeketi kwenye kile chenye namba, na uliketi muda mrefu, mgongo ukiwa umelegea kama uko kwa mama yako... "Dada, hicho kiti chenye namba nakitoa pia?" anauliza mpiga picha, kiache kwanza, anasema, na anashangaa amesema hivyo, maana ndiyo desturi ya kazi yao, kabla ya picha chumba kinavuliwa kwanza, viatu, miwani, dawa, picha za watoto, chochote kinachonuka mtu kinatolewa nje, halafu ndipo chumba kinavalishwa, na Bi Radi wala hakubisha, alisema, "Nyinyi ndio mafundi, fanyeni, mimi kuvuliwa na kuvalishwa nimeshazoea," akaangua kicheko chake cha kutikisa vyombo.

Lakini pazia hili... kutoka chini alidhani fundi cherehani alilewa, mshono umepita katikati, umebana, halafu kitambaa kinafumuka tena kuelekea chini, akasema ovyo kabisa hii, nyota mzima anashonewa hivi, na sasa pua yake iko pale pale juu ya mshono na anaona kwamba si mshono wa ovyo, ni kiuno, ee, ni kiuno cha mtu, na hapa juu palikuwa na mabega, na mkono wake wa pili uliokuwa unatafuta pa kushika umezama kwenye kitu, umeingia mfukoni, pazia lina mfuko! ni gauni, hili ni gauni la kijani, na lile la pembeni la zambarau lenye kola ni joho, na lile la njano... magauni yote ya jukwaani, yamefumuliwa na kuunganishwa, na jua linapita katikati yao na kumwaga rangi sakafuni, na kutoka jikoni sauti inanguruma, "Huyo wa kijani ni mjane! Mshike taratibu, alishavutwa sana na mashemeji!" mpiga picha anacheka, na yeye huku juu hacheki, vidole vyake vimegusa kitu kigumu chini ya mfuko, ni peremende, imegandana na karatasi yake, "Umeikuta peremende?" inauliza ile sauti, "hiyo ilikuwa ya mate yakikauka, mwenzangu, niliogopa kila usiku, kila usiku," Bi Radi aliogopa! mwanamke yule, na hakuificha hofu yake stoo, ameitundika dirishani ipigwe na jua, jamani, mtu anawezaje kuishi hivyo, kila kilichompata kipo na kila kilichopo ni yeye, hata mtu akiingia humu yeye hayupo atajua ameingia kwa nani...

Na kwake je, binti yake anahama Jumamosi, amepata kazi mji mwingine, na jana alimwambia mwanangu, zunguka, chagua kitu kimoja cha kukukumbusha nyumbani, chochote, hata kile chombo kikubwa cha maua, na mtoto akazunguka, sebuleni, ukumbini, vyumbani, alikuwa anamsikia akifungua na kufunga, akarudi mikono mitupu, akasema bila ubaya wowote, "Mama, kila kitu ni kizuri, ila sijui kipi ni chetu," na yeye akajifanya kutafuta funguo... inauma, bado inauma hapa hapa juu ya ngazi, kwa sababu vya kwao vilikuwepo, palikuwa na kile kiti cha baba yake, kikubwa, cha kahawia, mkono mmoja una duara la kikombe cha chai, kilitolewa siku jarida lilipokuja kuipiga picha nyumba yao, kwa siku ile tu, akakuta mume wake amekipeleka mwenyewe barazani nyuma, anasema hapa kuna hewa, mke wangu, nafuata hewa, na yeye akaamini, akafurahi hata, mume anapenda hewa, hali kwenye kochi la maziwa alikuwa akiketi juu ya taulo kama mgeni, na kila jioni binti anamfuata huko nyuma, na redio, na karanga, na vile vicheko vyao anavyovisikia kupitia ukuta akipangapanga mito, hewa, hewa gani, ndiyo maana mtoto hakuona kitu, alitafuta ndani, kila kilicho chao kiko nje...

"Dada, umekwama? Nipande?" Hajakwama, anasema, na kweli hajakwama, kulabu ni ile ile ya kwanza na kidole chake bado kiko juu yake, mpiga picha bado ameinua uso, mapazia ya maziwa bado yako mezani, huko jikoni kisu kinaendelea kugonga ubao, mhariri atapiga simu, atauliza kazi yako iko wapi humu, na atamjibu nini, atajua atakapojibu, lakini kiti kile cha barazani kitarudi ndani kwa mlango gani, kilitoka kwa shida, miguu yake mipana, itabidi kochi moja litoke kwanza, litoke, na mtoto akikitaka kiti akichukue, na akisema kibaki kwa baba basi achukue redio, achukue hata lile taulo, anairudisha peremende chini kabisa ya mfuko wa mjane, na kwa kidole gumba anaisukuma kulabu irudi pale ilipokuwa, na mpiga picha anasema mwanga, dada, mwanga, nao umejaa sebule nzima, wa kijani.