Udhaifu Mmoja wa Nyumba Nzima

Karani anasema nilirusha fomu. Anasema niliinuka, nikaipiga meza ya afisa hadi chai ikamwagika, nikamwambia, "Kaa na kazi yako!" kisha nikatoka bila kuaga. Husimulia hivyo mpaka leo, mlangoni pake, mguu mmoja juu ya stuli, na kila akirudia chai ile huzidi kuwa ya moto. Mimi hupita na ndoo yangu. Siku ile mezani hapakuwa na chai.

Karani si karani. Zamani alikuwa tarishi, akibeba bahasha kutoka mlango hadi mlango, na harufu ya ofisi ikamganda. Katika nyumba yetu ya kupanga, vyumba vikitazamana na bomba moja katikati, yeye ndiye aliyetujazia fomu. Kalamu yake, sahihi zetu. Hakuna aliyethubutu kujiandikia.

Wakati huo nilikuwa kibarua katika chumba cha kufulia cha hospitali: mvuke, dawa inayochubua vidole, mashuka mabichi mazito kama watu waliolala. Kisha likabandikwa tangazo. Vibarua basi. Wataajiriwa watu wa kudumu, waombe kwa fomu, na asiyepata asionekane getini mwezi ukiisha. Kazi ile ile, mikono ile ile; kilichoingia katikati ni karatasi. Nami nilikuwa nalala kwa dada yangu, sakafuni, nyuma ya pazia, na shemeji alikwisha kuanza kukohoa kila nikipita.

Nikamwendea Karani, kama kila mtu.

"Elimu?"

"Shule ya msingi."

Akaandika: *Inaendelea.*

"Kaka, mbona nilishamaliza zamani?"

"Elimu haina mwisho, mdogo wangu. Unatafuta kazi au unaungama?"

Fomu ilitaka kujua udhaifu wangu mkubwa ni upi. Nikafikiri kweli kweli, maana hakuna aliyewahi kuniuliza. Kabla sijapata neno, kalamu ilishapita: *Napenda kazi kupita kiasi, hata nasahau kula.*

"Udhaifu ni kama nguo ya ndani," akasema. "Anika ile isiyotia aibu."

Na baada ya miaka mitano ningekuwa wapi? *Mkuu wa idara.*

Tulioitwa kwenye usaili tulijaza benchi, karibu nyumba nzima. Afisa alikuwa mama wa makamo, miwani ikining'inia kifuani. Nilipoingia, alikuwa ametandaza fomu zetu mezani kama karata.

"Hebu niambie, binti. Huko mnakoishi kumeingia ugonjwa gani? Wote mnasahau kula. Wote mtakuwa wakuu wa idara. Sasa atafua nani?"

Hakucheka. Heri angecheka.

Nilitaka kumwambia kwamba mashuka yaliyotandikwa asubuhi ile kule wodini yalipita mikononi mwangu. Kwamba ananijua, ila hajui kama ananijua. Yote hayo yalinijia baadaye, njiani, yakiwa yamepangika vizuri. Pale nilisema tu, "Samahani, mama. Naomba nyingine."

Akanisukumia fomu tupu. "Hapo hapo. Mwenyewe."

Ile meza sikuipiga. Niliiegemea, nikaanza kuandika.

Herufi zangu zilikuwa kubwa kama za mtoto, zikiruka mistari. Elimu: *Shule ya msingi. Nilimaliza.* Uzoefu: *Damu naitoa kwa maji baridi. Shuka lililochanika silipeleki kwa mgonjwa.* Kwenye udhaifu nilikaa. Nje, wenzangu walinong'ona. Mmoja alikuwa anauliza kwa nini nakawia. Nikaandika: *Jibu langu huchelewa. Nikionewa, najua la kusema nikishafika nyumbani.* Na miaka mitano? *Hapa hapa, nikiwa na chumba changu.*

Chini kabisa palikuwa na kisanduku ambacho Karani hukipiga mstari kila mara, maana mwenye shida, anasema, asionekane ana shida. *Je, una ombi lolote kwetu?*

"Umemaliza?"

"Bado kidogo, mama."

Mwezi ukaisha. Mlinzi, tuliyezoea kutaniana naye kila asubuhi, aliniangalia viatu. "Jina lako sijaletewa, dada yangu. Wala la kukubaliwa, wala la kukataliwa." Kule nyumbani hakupata kazi hata mmoja. Lazima apatikane wa kulaumiwa, na Karani hakuwa tayari kuwa yeye. Ndipo, mdomoni mwake, meza ikapigwa na chai ikamwagika.

Sasa nafua nguo za watu, pale bombani, nikimsikia akisimulia. Majibu ninayo, mengi, yote yameshafika nyumbani. Shemeji bado anakohoa. Na kila mtu wa ofisini akipita na bahasha mkononi, mikono yangu husimama ndani ya povu, kwa sababu ya kile kisanduku. Sikukipiga mstari. Niliandika: *Naomba, hata ikiwa ni hapana, mnijibu.*